Pazia Lisilokamuliwa

Watu wa Kisarawe walikuwa wakisema pazia la Bi Biubwa ni jeupe hata kunguru akipita juu ya nyumba ile hufumba macho. Wengine wakaongeza chumvi, kwamba dereva wa treni akiwa Soga huko, aliliona likimeremeta kilimani akafunga breki, akidhani anapungiwa bendera. Uongo huo hakuna aliyeupinga, maana hata mwenye pazia alikuwa akiuchochea. Ila jambo moja halikutiwa chumvi. Pazia lile lilikuwa la lesi, jepesi mithili ya utando wa buibui, na tangu litundikwe dirishani halikuwahi kukamuliwa.

Alilinunua mwanawe, Pazi, alipokuwa kuli bandarini Dar es Salaam. Alikuja nalo limeviringishwa ndani ya shati, akalitundika katika dirisha la chumba alichokuwa amekijenga ubavuni mwa nyumba ya mama yake, chumba cha kumwingiza mke. Mke mwenyewe alikuwa Zena, binti wa jirani yao Mwinyijuma. Posa ilishapokelewa, kilemba cha baba na mkaja wa mama vilishatolewa, ikabaki siku ya ndoa tu. Kisha vita vikaja, na Pazi akachukuliwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza.

Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni na viatu vyake vikubwa, akamwonyesha mama yake ua moja lililofumwa pembeni mwa lesi, chini kulia, ua lenye tumbo kama la boga.

"Mama, hili ndilo lililonifanya nikalinunua. Nilicheka peke yangu dukani. Sasa sikiliza. Pazia lisitoke dirishani mpaka nirudi nioe. Nikitokea pale njia panda nikaliona jeupe, nitajua bado naambiwa karibu."

"Nenda, utachelewa," mama yake akamwambia.

Vita vikaisha. Vijana wakashuka Soga kwa treni, mmojawapo Husseini, aliyekuwa kikosi kimoja na Pazi. Husseini alitembea mpaka Kisarawe kabla hajafika kwao, akakaa kwenye kigoda mbele ya Bi Biubwa, akamweleza bila kumtazama: kule Bama, nchi ya mbali walikopelekwa kupigana, walivuka mto wa mafuriko usiku, kamba ikakatika, Pazi akachukuliwa na maji.

"Ulimwona amekufa?" Bi Biubwa akauliza.

"Nilimwona akienda na maji, mama."

"Basi hukumwona amekufa. Pazi huyu ameuvuka Ruvu angali mtoto, kuku yuko kichwani, akatoka ng'ambo kuku hajalowa hata unyoya. Mto wa Bama una nini?"

Husseini akanywa maji aliyopewa, akaaga. Miaka ikapita hajarudi. Na habari ile ya kuku Bi Biubwa akaendelea kuisimulia kwa kila aliyepita, nayo ikawa inakua. Mwaka wa pili kuku alishakuwa mbuzi. Mwaka huu mbuzi alikuwa na mimba.

Hakuweka matanga, hakusoma hitma. Pazia likabaki dirishani, na kila mwezi ukiandama alilishusha, akalifua, akalirudisha kabla jua halijazama.

Lesi haifuliwi kama kaniki, na Bi Biubwa alikuwa na namna yake. Maji ya kisima cha bondeni aliyakataa kwa sababu ya kutu; alitumia ya mvua, yaliyokingwa kwenye pipa. Pazia alilitia ndani ya foronya, akaifunga mdomo, ili mkono uguse foronya usiguse lesi. Akaiweka kwenye karai la maji yenye sabuni iliyoparuzwa, akaikandakanda kwa viganja taratibu kama mtu anayekanda kitoto kichanga. Hasugui, hapigi, hakamui. Akishasuuza hutia buluu kidogo, na uji mwepesi wa wanga wa muhogo ili pazia lisimame. Kisha hulinyanyua lote kwa mikono miwili, akayaacha maji yachuruzike yenyewe.

Lakini kulianika, hapo mtu mmoja hawezi. Lesi mbichi ukiivuta upande huu, upande ule unajikunja, na ikikauka imejikunja ndiyo imekwisha. Sharti watu wawili walitandaze juu ya mkeka kivulini, mmoja huku, mmoja kule, wavute sawasawa, huku wakilibana kingo kwa miba ya mlimau. Mtu wa upande wa pili alikuwa Zena. Alianza kuja akiwa mwari aliyejaa aibu, akiificha sura kila Pazi anapotajwa. Sasa alikuwa mwanamke mzima, wenzake wa umri ule wana watoto wanaotumwa dukani, naye kila mwezi alikuja kushika ncha ya pazia la chumba ambacho hajawahi kulala ndani yake.

Mwezi huo, kabla Zena hajafika, alitangulia baba yake. Mwinyijuma alikuwa mtu wa dini asiyependa kusema jambo moja kwa moja. Akaegemea nguzo ya baraza.

"Habari za asubuhi, Bi Biubwa."

Bi Biubwa alikuwa ameinamia karai. Akanyanyua kichwa polepole. "Bi Biubwa? Jana nilikuwa mkwe wako. Nimelala nimekuwa nani?"

"Ah, mdomo tu huo."

"Mdomo una mwenyewe."

Mwinyijuma akakohoa. Akasifu mvua. Akaulizia mbuzi wa Bi Biubwa, ambao walikuwa mbele ya macho yake. Kisha akasema, kana kwamba limemjia sasa hivi, "Kuna kijana mmoja wa reli pale Soga, Isihaka. Kijana mtulivu. Siku hizi akipita huku ananiachia mafuta ya taa."

"Wewe una taa ngapi?"

"Moja."

"Basi anakumwagia mafuta mengi kwa taa moja."

Mwinyijuma akacheka, kicheko hakikumalizika. "Nimemwambia nyumba yangu ina posa ya mtu. Na mtu haposi juu ya posa ya nduguye. Ndivyo tulivyofundishwa. Mwenye posa akiwa hai, au mwenyewe hajaiachia, mimi sina mdomo wa kusema." Akajitoa kwenye nguzo. "Sikuja kwa hilo. Nilikuwa napita."

"Pita basi, mkwe wangu," Bi Biubwa akamwambia, na neno la mwisho akalikazia.

Alipoondoka, viganja vya Bi Biubwa viliendelea kukanda foronya. Hakuwa mjinga. Alijua wanachokingoja wote. Hakuna atakayemwambia mama, mtangaze mwanao amekufa. Walikuwa wanamngojea yeye, kwa adabu, mwaka baada ya mwaka, na adabu yao hiyo ndiyo iliyokuwa ikimla Zena ujana.

Zena akaingia uani, kichwa chini. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umechelewa, au Soga kumekuvuta?"

Alisema kwa utani, lakini Zena hakucheka. Alipiga magoti upande wake wa mkeka, akanyoosha mikono kupokea ncha yake, kama alivyofanya siku zote.

"Umemwona huyo Isihaka?" Bi Biubwa akauliza, wakiwa wanavuta.

"Nimemwona akipita."

"Sura yake?"

"Ya mtu tu, mama."

"Masikio?"

Zena akatabasamu kidogo. "Makubwa."

"Heri. Mume mwenye masikio madogo hasikii akiitwa." Kisha Bi Biubwa akashangaa kusikia neno mume likitoka kinywani mwake mwenyewe.

Zena akachomeka mwiba, akachomeka mwingine. Chozi likamdondoka juu ya lesi.

"Usinilowanishie, nimeshasuuza," Bi Biubwa akasema.

"Samahani mama."

"Unataka kwenda?"

Zena akanyoosha ukingo kwa kidole. "Mimi nikiondoka," alisema, "nani atashika huku?"

Jibu hilo lilimchoma Bi Biubwa kuliko kama binti angesema ndiyo. Akainama juu ya pazia ili asionekane uso, akaanza kutafuta kwa kidole ua la Pazi, lile lenye tumbo la boga. Pembeni, chini kulia. Halikuwepo. Akadhani amekosea upande, akatafuta kushoto. Akatafuta juu. Kila alipopapasa aliukuta uzi wake mwenyewe. Maana lesi ile, kwa kufuliwa mwezi hata mwezi, ilikuwa ikichakaa kidogo kidogo. Pakifumuka hapa alipashona kwa sindano, pakifumuka pale akapashona, na kwa kuwa hakujua kufuma maua, aliziba tu. Macho yake yalizoea kuona pazia zima. Sasa vidole vilimwambia kweli. Maua yote yalishakwisha. Lile alilokuwa akimtunzia Pazi lilishaondoka, hajui lini, akabaki anafua viraka vyake mwenyewe.

"Umepoteza nini, mama?"

"Hakuna."

Akakaa kitako chini, miguu ameinyoosha kama mtoto. Kuku wakapita kati yao wakidonoa. Bi Biubwa akawatazama.

"Zena. Ile habari ya Ruvu uliisikia?"

"Ya mbuzi mwenye mimba?"

"Alikuwa kuku. Na kuku alilowa." Akapitisha kiganja usoni. "Alilowa chapachapa, akafa siku ya pili. Na Pazi mwenyewe alitolewa na wavuvi, amekunywa maji tumbo limejaa kama ngoma. Mwanangu hakuwa hodari wa maji. Nilijua tangu siku Husseini alipokaa pale."

Zena akaacha ncha yake, akazunguka mkeka, akaja kukaa ubavuni mwake. Walikaa hivyo mpaka kivuli cha paa kikawaacha, jua likaja miguuni.

"Nenda kamwambie baba yako," Bi Biubwa akasema, "posa ya mwanangu nimeiachia. Asinirudishie kilemba wala mkaja, vile ni vyenu, vya kukuombea heri. Na amwambie shehe, Ijumaa Pazi asaliwe sala ya ghaibu. Nitaweka hitma hapa nyumbani."

"Mama…"

"Nenda kabla sijabadili. Unanijua."

Pazia halikurudi dirishani jioni ile. Bi Biubwa alilirudisha kwenye karai, akalisuuza tena kwa maji matupu ya mvua, mara kwa mara, mpaka harufu ya sabuni, ya wanga na ya buluu ikatoka yote. Akalikausha, akalikunja, akalitia ndani ya foronya.

Ijumaa uani palijaa. Wanaume walikuwa msikitini, na wanawake wakawa juu ya masufuria. Umati ulikuwa mkubwa kuliko walivyotarajia, kwa sababu hitma iliyosubiriwa miaka huvuta hata waliokwishahama. Walikuja kutoka Soga na Tumbi, na Husseini naye akaja, akasimama pembeni akipasua kuni bila kuambiwa, kabla ya kuwafuata wenzake msikitini. Nazi zilikunwa lundo. Kifumbu kimoja cha kukamulia nazi kikapasuka, cha pili kilikuwa kidogo, na wali ulikuwa unangoja tui.

"Leteni nguo yoyote safi," mwanamke mmoja akasema.

"Nguo gani safi ya kuchujia chakula cha watu?" mwingine akamjibu. "Kanga yako hiyo yenye ugoro?"

Wakacheka. Bi Biubwa akanyanyuka, akaingia chumba cha Pazi, akatoka na foronya. Alipolichomoa pazia, kicheko kikakatika. Akalikunja mara nne, viraka juu ya viraka, akalitandika juu ya sufuria.

"Tieni nazi."

Hakuna aliyesogea. Akachota mwenyewe kwa mikono miwili, akaijaza, akamimina maji ya vuguvugu, akazikusanya pembe zote nne. Kisha akamtafuta Zena kwa macho.

"Njoo ushike huku."

Zena akaja, akashika. Mikono yake ikarudia mazoea mara moja, ikaanza kuvuta taratibu, sawasawa, kama juu ya mkeka.

"Siyo hivyo," Bi Biubwa akasema. "Kamua."

"Mama, hili halikamuliwi."

"Kamua, mwanangu."

Zena akasokota upande wake, Bi Biubwa akasokota wake kinyume. Uzi mmoja ukakatika, ukafuata mwingine, na tui likaanza kushuka jeupe ndani ya sufuria. Kutoka msikitini sauti za wanaume zikasikika zikiitikia dua. Bi Biubwa akakaza mikono.

"Kaza," akamwambia. "Bado limo."