Upepo Katikati ya Meno

Jumatatu asubuhi, Mama Mwanya alikuwa akipiga pasi foronya za hoteli katika chumba cha nyuma cha kiwanda cha udobi. Bonge, mpiga pasi wa meza ya jirani, akamwambia kwamba mashuka yale yamelala na watu wengi kuliko mlinzi wa mochwari. Mama Mwanya akacheka. Foronya iliyokuwa mbele yake ikainuka mezani, ikaizunguka taa, ikatua kichwani kwa Bonge kama kofia.

"Cheka tena," Bonge akasema.

Akacheka tena. Shuka la kitanda kikubwa likapaa, likatandazika darini.

Upepo ulikuwa ukitoka katikati ya meno yake. Ulikuwa baridi, na ulinukia udongo ulionyeshewa. Mwanya wa mbele alizaliwa nao. Ndio uliompa jina, na mumewe hakuficha kwamba ndio uliomfanya aharakishe ndoa kabla hajawahiwa. Lakini upepo haukupitia hapo. Ulipitia kwenye nafasi mpya, zile pembetatu nyeusi zilizojitokeza mashinani mwa meno tangu fizi zake zianze kuteremka, kama soksi iliyolegea mguuni. Meno yenyewe yalikuwa yameanza kuonekana marefu.

Chumba kile hakikuwa na dirisha. Madirisha yaliwahi kuwepo, bosi akayaziba kwa matofali siku lilipopotea shuka, akiamini limetoroshewa huko. Shuka lilikuja kuonekana limejikunyata ndani ya mashine ya kufulia. Matofali hayakuondolewa. Mvuke wa pasi ukawa hauna pa kwenda ila vifuani mwa watu, na wiki iliyopita mkunjaji wa mashuka, binti mwembamba mwenye mimba, alizirai juu ya kapu la taulo. Walimpepea kwa mfuniko wa ndoo mpaka akafumbua macho, akauliza kama zamu imekwisha.

Basi siku ile ikawa shangwe tupu. Wafuaji wakakimbia kutoka kwenye mashine zao na mikono inayochuruzika povu. Mkunjaji akasimama mbele ya Mama Mwanya, kafumba macho, kanyoosha mikono kama nguo iliyoanikwa.

"Msimwache anyamaze!" akapiga kelele. "Mwambieni jambo!"

Kila mtu akatoa kichekesho alichokuwa nacho. Vilipowaishia, Bonge akaanza kumsimulia mama mkwe wake, jinsi anavyomsalimia kuku kabla ya kumsalimia yeye, na mashuka yakacheza juu ya vichwa vyao mpaka saa ya kula. Kazi ya kutwa nzima ilikuwa imekwisha.

Nyumbani, mumewe, fundi viatu, alimwomba atabasamu kidogo tu. Vipande vya ngozi vikaruka vikaingia chini ya kabati.

"Haya, chai sasa itapoa yenyewe," akasema, akainama kuviokota. Kisha akamtazama vizuri. "Mbona unatafunia upande mmoja?"

"Huku kunauma."

"Kesho uende kwa daktari wa meno. Mimi najua kiatu, soli ikianza kuachana na ngozi haingojwi."

Daktari wa meno, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alimfungua mdomo. Pamba zikapeperuka kutoka kwenye sahani. Akazifunika kwa mkono wa kushoto, akaendelea kuchungulia.

"Unasaga meno usingizini?"

"Mchana, daktari. Kazini."

"Kwa nini?"

"Kuna maneno nayabana."

Daktari akaitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa habari za sukari nyingi. "Fizi zikigandamizwa hivyo miaka nenda miaka rudi, zinachoka, zinaondoka. Zikishaondoka hazirudi zenyewe. Naweza kusafisha, na hapa na hapa nikashonea ufizi ukafunika mizizi. Lakini lazima uache kubana."

"Na upepo?"

"Nikiziba, utakoma."

"Na usipoziba?"

"Utazidi. Na meno yataanza kucheza."

Mama Mwanya akaondoka kwa hatua za haraka. Njia nzima aliyapanga yale maneno, akayasema kwa sauti hata watu wakampisha. Alishangaa kuona ni machache vile.

Kesho yake asubuhi bosi alikuwa amefika mwenyewe, kwa kuwa alisikia kazi inakwisha mapema. Alisimama katikati ya chumba, shati limemtuna mgongoni kwa upepo wa salamu ya Mama Mwanya, uso umemchangamka. Mama Mwanya akamwendea. Bonge na mkunjaji wakasimama nyuma yake, bega kwa bega.

"Bosi, tunaomba madirisha yafunguliwe. Huyu binti atakuja kutufia humu. Na mimi nataka nikatibiwe meno."

"Dirisha la nini, mama, na wewe upo?" bosi akasema kwa upole kabisa. "Hata feni niliyokuwa nafikiria, nimeacha."

"Bosi," Bonge akaingilia, "jino la pembe si dawa ya pengo."

Bosi akacheka sana, akasema wahenga walikuwa na akili. Kisha akawaagiza wainue meza ya Mama Mwanya waiweke katikati ya chumba, ili upepo umfikie kila mmoja kwa haki, akamsihi asiwe mtu wa kununa. Akatoka.

Mama Mwanya akabana meno. Aliusikia ufizi wa chini ukiteremka, taratibu, kama pazia. Mkunjaji alikuwa ameegemea kapu, jasho linamtiririka hadi kidevuni, mkono tumboni. Mama Mwanya akafungua mdomo amwite, na jino moja la chini likadondoka juu ya foronya, jeupe, bila damu.

Upepo ukapata mlango. Mashuka yote yakapaa kwa pamoja, mvuke ukasukumwa ukatokomea ukumbini, na kule mbele wafuaji wakapiga vigelegele bila kuuliza kuna nini. Bonge alicheka mpaka akakaa chini. Gauni la mkunjaji likajaa hewa, akazunguka nalo, akazunguka tena, mashavu yakamrudia rangi. Kwenye matofali halikutikisika hata vumbi.

Mama Mwanya akalitia jino katika mfuko wa aproni.

"Linauma, dada?" mkunjaji akauliza, akihema kwa furaha.

"Kidogo. Hebu geuka, nikupulizie na mgongo."