Lebo Nyekundu

Kifuniko cha chuma cha vafla kiligonga, tak, kabla hakujapambazuka, na baada ya dakika tatu kikagonga tena. Jirani yangu wa ghorofa ya juu husema mlio huo ndio saa yake ya kuamka. Asubuhi ile lazima alishtuka, maana nilikuwa nakibamiza.

Nimepika vafla, vikeki bapa vya kwetu vilivyoungana kama mioyo mitano, miaka hamsini na mmoja hapa Galveston, Marekani. Nimewapikia mabaharia wetu wa Norwei, na mtu yeyote aliyeingia kanisa letu la bandarini akiwa amepakumbuka nyumbani. Sikuwahi kuzipika nikiwa na hasira. Siku ile, tarehe ishirini na mbili Desemba, ile mioyo mitano ya vafla ya kwanza iliungua.

Jioni iliyotangulia nilipigiwa simu na Delphine, muuguzi wa nyumba ya wazee anakoishi Sjur, baharia wetu wa zamani.

"Bibi Borghild? Namba yako nimeikuta nyuma ya kalenda ya Mzee Sjur. Niko mapumzikoni, natumia simu yangu."

"Sjur amekufa?"

"Afe wapi! Ana nguvu kunishinda. Amenirushia boksi la Krismasi, limenipiga begani. Tangu juzi hali kitu, maji yenyewe anatema. Bi Pruitt, mkubwa wetu, ameshasaini karatasi. Kesho saa sita mchana anahamishiwa wodi ya kufungiwa, huko kaskazini, mwendo wa saa nne kwa gari."

"Alisema nini aliporusha?"

"Unajua Kiingereza kimemtoka chote. Anarudia neno moja tu. Yift. Anaonyesha boksi, ananionyesha mimi. Yift, yift."

Nilikaa chini jikoni, simu sikioni. Nilijua papo hapo, kwa sababu lebo ya boksi lile niliibandika mimi.

Mwezi Novemba kina mama tulikuwa ukumbini tukifunga vifurushi vya Krismasi, soksi za sufu, chokoleti na kalenda. Mchungaji Halvard, aliyetoka nyumbani Agosti na kompyuta yake, akaleta roli ya lebo nyekundu za dukani. Juu yake zimeandikwa kwa herufi kubwa GIFT. Kwa Wamarekani hiyo ni zawadi. Kwetu, herufi hizo hizo nne, zinazosomwa yift, ni sumu. Ni mtu aliyeoa pia, na wanaume wetu hawajachoka na mzaha huo tangu nikiwa msichana. Mimi ndiye niliyesema, "Kina mama, mwaka huu tunawatumia sumu!" Tukacheka mpaka Halvard akafuta miwani. Kisha tukabandika. Arobaini na tatu.

Hatukufikiri kwamba yupo mmoja ambaye hana tena Kiingereza cha kumwokoa. Sjur aliingia melini ana miaka kumi na mitano. Makopo yenye neno lile na picha ya fuvu aliyapanga kwa mikono yake katika stoo ya rangi. Akili yake imerudi huko, inaishi huko.

Na zamani kosa hilo lisingetokea, kwa sababu vifurushi vyetu tulivipeleka kwa mkono. Ulipanda ngazi ya meli na kikapu cha vafla, ukamtazama mtu usoni, ukamwambia, hiki chako. Halvard akasema kampuni ya usafirishaji ni rahisi zaidi. Akasema pia kwamba gari la kanisa ni la kuwatembelea wenye pasipoti ya kwetu tu. Sjur alikula kiapo cha uraia wa Marekani mwaka sabini na moja ili apate kazi kwenye meli za kuvuta meli nyingine, kwa hiyo akafutwa kwenye orodha ya kutembelewa, akabaki kwenye ya vifurushi tu. Macho yangu hayaniruhusu kuendesha. Kila Alhamisi kwa miaka sita nilikuwa napelekwa kwake na gari lile. Septemba nikaambiwa hakuna tena, na mimi nikanyamaza. Ndivyo nilivyolelewa, kutobishana na mchungaji.

Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni pa kanisa na kikapu changu. Halvard alifungua akiwa na mswaki mdomoni.

"Mama Borghild! Mbona mapema hivi?"

"Chukua funguo za gari."

"Saa tatu nina kikao na makao makuu, kwa video. Kuna nini?"

Nikamweleza. Alitoa mswaki mdomoni. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka shingo inapata moto. "Jambo la kusikitisha sana. Lakini kwa kweli huyu si mtu wetu. Naweza kuwaandikia barua pepe."

"Si mtu wetu?"

"Kwa utaratibu, namaanisha."

"Halvard." Sikumwita mchungaji. "Paa lililo juu ya kichwa chako, baada ya kimbunga cha mwaka themanini na tatu, nani alilipigilia misumari?"

"Sijui, mama. Sikuwa nimezaliwa."

"Sjur. Siku tisa. Tulimpa supu tu. Hakutuuliza pasipoti. Sasa mtu ana siku mbili hajanywa maji, anaamini anawekewa sumu, na aliyemwandikia sumu ni sisi. Wewe umeninunulia lebo, mimi nimebandika. Barua pepe ataisoma nani, Sjur? Vaa viatu!"

Sauti yangu ilirudi kutoka ukutani. Nadhani hakuna aliyewahi kunisikia nikipiga kelele ndani ya kanisa lile, hata mimi mwenyewe. Halvard alivaa viatu. Vilikuwa vya michezo, vyeupe pe.

Mwendo ulikuwa wa saa mbili. Njiani, taa zilipotusimamisha, aliwasha kipasha joto cha upande wangu, akakigeuzia miguuni kwangu. Niliona. Sikumshukuru.

Delphine alitungojea mlangoni. Begani alikuwa na alama ya bluu, ukubwa wa kiganja. Boksi alikuwa amelihifadhi kabatini mwake.

"Tuliambiwa tulitupe," akasema. "Nikaona, mtu haogopi kitu hivi bila sababu."

Mtoto wa watu huyu, hajui hata neno moja la lugha yetu, ndiye aliyemsikiliza.

Bi Pruitt alikuwa mezani kwake, karatasi za gari la wagonjwa mbele yake. Niliweka boksi juu ya karatasi hizo.

"Mwambie," nikamwambia Halvard. "Mwambie wewe. Kiingereza chako kizuri."

Alikohoa. Akaonyesha lebo kwa kidole, akaeleza. Bi Pruitt alisikiliza mpaka mwisho.

"Hebu nielewe. Kanisa lenu limemtumia mzee mwenye ugonjwa wa kusahau boksi lililoandikwa sumu?"

"Ndiyo," Halvard akasema.

"Kwa posta."

"Kwa kampuni ya usafirishaji."

"Mungu wangu." Alivua miwani. "Mimi nina muuguzi aliyeumizwa na mgonjwa asiyekula. Gari linafika saa sita. Akila na akinywa kabla ya hapo, mbele ya Delphine, nitalirudisha. Asipokula siwezi, bibi. Atanifia hapa."

Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro.

Sjur alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Amekonda. Midomo ilikuwa imepasuka. Delphine alikuwa amemfunika magoti kwa taulo iliyotoka kwenye mashine, bado ya moto. Nilisimama mbele yake akanitazama muda mrefu, nikaogopa kwamba na mimi nimefutika.

"Borghild," akasema. "Asante kwa mara ya mwisho."

Watu wa kwetu tukikutana ndivyo tunavyosalimiana, tunashukuru kwa siku ile ya mwisho tuliyoonana. Ni salamu tu. Lakini mara ya mwisho ilikuwa Septemba, na nilitamani sakafu inimeze.

"Asante nawe, Sjur. Nimeleta vafla."

Akarudi nyuma kwenye kiti. "Humu wanatia sumu, dada. Nimeliona kopo. Usile kitu chao."

"Nimeziokea kwangu. Ile ya kwanza imeungua."

"Imeungua?" Jicho moja likachangamka. "Wewe? Umezeeka."

"Nilikuwa na hasira."

"Na nani?"

"Na huyu," nikasema, nikimwonyesha Halvard. "Na mimi pia."

Nilikata jibini ya kahawia ya kwetu, nikaikunja ndani ya moyo mmoja, nikaumega. Nusu nikala mimi, polepole, akinitazama koo. Nikamnyooshea nusu ya pili. Hakuipokea.

"Na huyo mwenye viatu vya hospitali ale kwanza."

Halvard akaja, akapiga goti sakafuni karibu na kiti, akaipokea ile nusu akala. Nikamega nyingine. Sjur alisubiri. Mimi nilihesabu pumzi zangu. Delphine mlangoni alikuwa ameshika mdomo.

"Hajaanguka," Sjur akasema hatimaye.

"Bado nipo, mzee," Halvard akasema, kwa lugha yetu, lafudhi ya pwani ya magharibi.

Sjur akageuza kichwa. "We kijana ni wa kisiwa changu, Askøy!"

"Ng'ambo ya maji tu. Sotra."

"Sotra! Wezi wa nyavu nyie."

"Babu yangu alikuwa akisema hivyo hivyo kuhusu nyie."

Mzee akacheka, cheko kavu kama karatasi, akanyoosha mkono akachukua vafla mwenyewe. Alikula moyo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Delphine alileta maji, nikanywa kwanza, naye akanywa kikombe kizima na kingine juu yake. Halvard alilichukua boksi mezani kwa Bi Pruitt, akaibandua lebo kwa ukucha mpaka kidole kikaanza kutoa damu. Akazitoa soksi za kijivu nilizozifuma mwenyewe, akamvisha mzee, mguu mmoja, halafu wa pili. Simu yake ilikuwa ikilia mfukoni tangu saa tatu. Hakuigusa.

Bi Pruitt alichungulia, akaona vikombe, akaondoka. Tukamsikia kwenye korido akipiga simu kuwaambia watu wa gari wasije.

Hasira yangu haikuisha. Niliona mikono ya Halvard ilivyokuwa laini kwenye vidole vile vya miguu, na bado haikuisha, kwa sababu vifurushi vingine arobaini na viwili viko huko nje, na orodha ile bado iko ndani ya kompyuta yake.

"Asante kwa chakula," Sjur akasema, akifuta makombo kifuani. Kisha akamshika Halvard mkono wa shati, mchungaji ambaye asubuhi ile alisema huyu si mtu wetu.

"Wa Sotra. Hapa hakuna mtu wa kugombana naye. Alhamisi utakuja tena?"

Halvard alinigeukia. Niliangalia dirishani, nikamwacha ajibu mwenyewe.