Ubao wa Ghalani

Kila mchana, akilala na blanketi miguuni, Andongwisye hupanda ubao wa kupakilia. Miguu ambayo haijasogea tangu mwezi wa sita huihisi kabisa ikikanyaga: moja, mbili, tatu, gunia la kahawa mabegani. Hatua ya nne ubao hulia penye ufa na kubonyea, kama siku ile alipoanguka akavunjika uti wa mgongo. Hushtuka, akatazama. Blanketi halijatikisika.

"Umeusikia?" alimuuliza mkewe.

"Nini tena, Baba Ruti?"

"Ubao."

Gwantwa alimgeuza ubavu, akamsafisha kidonda alichopata kwa kulala. Aliolewa na mtu wa makelele, mpakiaji aliyechekesha ghala zima pale Mlowo. Huyu wa kitandani bado hajamzoea, na siku nyingine anamwogopa.

Leo Raphaeli, msimamizi wa ghala, alikuja kwa pikipiki, nyuma amefunga kiti cha magurudumu kipya. Alikiacha mlangoni, mbali na kitanda, akatoa karatasi.

"Pole sana, mdogo wangu. Weka dole gumba hapa, kiti ni chako."

"Imeandikwaje?"

"Kwamba uliteleza mwenyewe. Ubao ulikuwa mzima."

"Ulikuwa na ufa. Nilikuonyesha, ukasema tumalize kwanza kupakia fuso ile."

"Bosi hana roho mbaya, Andongwisye. Ila bila karatasi, kiti kinarudi."

Miezi minne hajaliona jua. Gwantwa ameumia kiuno kwa kumbeba. Andongwisye alikitazama kile kiti kwa uchu uliomtia aibu, akanyoosha dole gumba, akaweka alama kwenye karatasi.

Walimkalisha, wakamsukuma hadi uani. Jua lilimchoma macho, akacheka kicheko chake cha zamani, hata Gwantwa akalia.

Kando ya pikipiki alisimama mdogo wake Andongwisye, Aliko. Begani alikuwa na gunia tupu lililokunjwa, lile ambalo kaka yake alikuwa akiliweka mabegani chini ya mizigo.

"Nimepewa nafasi yako, kaka! Naanza leo."

Kicheko kilimkatika Andongwisye. "Ubao mmebadilisha?" alimuuliza Raphaeli.

Raphaeli alikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Tubadilishe wa nini? Si umesema mwenyewe ulikuwa mzima?"

Akawasha pikipiki, Aliko akapanda nyuma.

"Aliko! Shuka!"

Aliko aligeuka, akampungia mkono. Andongwisye alishika magurudumu, akasukuma kwa nguvu zake zote, na kiti kikazama kwenye udongo mwekundu. Miguu yake, imetulia tuli pale kitini, ilianza kupanda: moja, mbili, tatu.