Salamu Zilifika, Onyo Likabaki

Ninaandika haya nikiwa kwenye benchi la zahanati huku Muze. Wenye watoto wanaotunga programu za kompyuta, someni.

Jumamosi mchana Zenon, mtunza stoo wa kikundi chetu cha akina mama pale Mazwi, Sumbawanga, alikuja mbio nyumbani. Mahindi tuliyogawana asubuhi yalikuwa na vidonge vya kufukiza wadudu ndani ya magunia. Vile vidonge vinatoa hewa ya sumu. Na sisi Wafipa gunia la chakula tunalilaza chumbani, karibu na kitanda, mwizi asilione.

Binti yangu Kalista ndiye aliyetunga programu inayotuma ujumbe kwa wanakikundi wote kwa mara moja. Akaandika: "Msile mahindi ya leo, toeni magunia nje."

Nikamkemea. "Unawapigia watu kelele kama mbuzi? Salimia kwanza!"

"Mama, ni haraka."

"Haraka gani ya kukosa adabu? Dada Bertila ni mkubwa wangu, atasemaje?"

Akacheka, akaandika nilivyomtajia: "Wapendwa wanakikundi, Tumsifu Yesu Kristo. Habari za huko? Watoto hawajambo? Wazee na wagonjwa wanaendeleaje? Sisi tu wazima, tunawaombea heri na baraka tele." Kisha lile onyo. Akabonyeza. Majibu yakamiminika: hatujambo, asanteni, nanyi mbarikiwe. Nikalala na amani.

Jumapili baada ya misa Coleta, mwenzetu wa kikundi, alinishika mkono. "Salamu zenu tamu! Ila mmemalizia na M peke yake, mlisinzia?"

"Gunia ulilitoa nje?"

"Gunia gani tena, mama Kalista?"

Alinionyesha simu. Salamu zote zilikuwepo, halafu M, basi. Bahati gunia lake lilikuwa jikoni. Nikakimbia nyumbani na viatu mkononi.

Kalista alifungua kompyuta, akaangalia, akajishika kichwa. "Mimi ndiye niliyeiambia programu ikate, mama. Kwake maneno ni mlolongo wa herufi tu. Inahesabu kila herufi, na nukta, na nafasi. Ikifika mia moja sitini inakata, ujumbe usitoke vipande viwili tukalipia mara mbili. Niliweka hivyo mwezi wa tatu, nikasahau."

"Haikukwambia kwamba imekata?"

"Sikuiambia iniambie."

Akatuma upya, maneno saba, bila salamu. Wote wakajibu isipokuwa dada Bertila. Yeye alikuwa ameondoka na gunia lake jana ileile, kushuka nalo huku Muze, bondeni, anakolala chumba kimoja na mjukuu wake Edith. Simu yake haipatikani. Nikapiga mara thelathini. Haipatikani.

Nilipanda pikipiki. Kwenye zile kona za kuteremka dereva akasema, "Mama, shikilia chuma, mimi unaniumiza mbavu." Sikumwachia.

Mlango wa dada ulikuwa umerudishwa tu. Yeye alikuwa amekaa kizingitini, kichwa mikononi, ametapika. "Karibu, mdogo wangu," akasema taratibu. "Salamu nilizipata. Leo tumeamka na malaria, mimi na mtoto."

Nilimruka bila shikamoo. Edith alikuwa kitandani, gunia likiwa kichwani pake. Nikambeba mtoto, nikamfokea dereva afungue madirisha, alivute gunia nje. Dada akawa analia nyuma yangu, "Kwani kuna nini? Mbona hamkusema?"

Hapa zahanati mganga aliuliza mtoto alikula nini. Nikamwambia: hakula, amevuta hewa ya dawa. Akabadilika uso, akapiga simu Sumbawanga kuomba gari.

Gari halijafika. Edith anapumua kwa kukoroma, mkono wake una baridi. Dada amelala kitanda cha pili, ananitazama.

Kalista amepiga sasa hivi, analia, anasema ni kosa lake. Nimemwambia ni letu wawili. Kisha nimemwomba ampigie kila mwanakikundi, na kila mmoja amsomee kwa sauti ujumbe wa mwisho ulio kwenye simu yake, siyo ule alioandika kwenye kompyuta, ule uliofika.