Gide ya Kukatia Matawi

Muuzaji aliweka mezani gide mbili, vile vyuma bapa ambavyo mnyororo wa msumeno wa mashine huzunguka ukingoni mwake. Moja ndefu, moja fupi. Raphaël, mume wangu, akaweka kiganja juu ya ile ndefu.

"Papa, mashine yenyewe iko wapi?" muuzaji akauliza.

Nilikuwa nimeibeba mimi, ndani ya kikapu, maana bega la kulia la Raphaël lilikuwa bado halinyanyui kitu. Nikaitoa. Ulikuwa msumeno mdogo, gide yake imepinda, mnyororo umekatika. Hivyo ndivyo alivyotuachia jirani mmoja alipohama.

Muuzaji akatabasamu. "Hii iko kadogo, papa. Ukitia gide murefu, moteur itachoka. Mnyororo utavutwa kwa shida, utapata moto, halafu mashine itakurukia."

"Ninajua."

Alijua kuliko sote. Kule msituni Shabunda alikata miti ambayo mashina yake yalimzidi mtu kimo hata yakiwa yamelala chini. Huko ndiko mti mmoja ulikogeuza njia ukamwangukia Josué, mwenzake wa kazi, ukamuua, na tawi lake likampiga Raphaël begani. Alirudi kwa ndege ndogo ya mizigo, amekaa kati ya magunia. Nilimpokea uwanja wa ndege wa Kavumu, nikamleta nyumbani Nyantende, nikamkanda kwa maji ya moto. Juu ya Josué hakusema neno, nami sikuuliza. Yeye alikaa mlangoni akitazama mvua ikishuka juu ya mikaratusi, na mtoto wetu Yannick, aliyekuwa amemsahau, akaanza taratibu kumkalia mapajani.

Kisha asubuhi moja, nikianika nguo, nikamsikia Raphaël akiwaambia watu wa Shabunda kwenye simu: "Nitakuja. Niko natafuta mashine."

Kwa hiyo pale dukani Kadutu, huku wapita njia wakisukumana nje, nilielewa mkono wake unasema nini. Kwetu hakuna mti unaohitaji gide ile. Urefu wake ulikuwa njia ya kurudi msituni.

"Unataka kukata nini, papa?" muuzaji akauliza. Lilikuwa swali la kazi tu, la kila siku.

Kiganja cha Raphaël kilibaki pale pale. Mimi nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga njiani, ya mtoto, ya bega, ya upweke wangu. Yote nikayaacha. Nikabaki na moja.

"Papa Yannick, gide ya Josué ilikuwa namna gani?"

Akanitazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

"Murefu kuliko hii," alisema.  "Haikumusaidia kitu."

 Muuzaji, mtu mwenye adabu, akajifanya anapanga misumari. Kisha Raphaël akaondoa kiganja chake juu ya kile chuma, akaufuta mkono kwenye suruali.

"Tupe ile kafupi. Ni ya kukata matawi tu. Ya muti wa avoka, na karatusi iliyo kando ya nyumba."

Mnyororo aliuchagua mwenyewe, wala hakufanya haraka. Wa kwanza meno yake ya ndani yalicheza kwenye mfereji wa gide, akaurudisha. Wa pili ulikaa vizuri mferejini, lakini nafasi kati ya meno yake haikulingana na gurudumu la mashine. Wa tatu akauzungusha kwa kidole, akauvuta kidogo, ukarudi mahali pake bila kelele.

"Huu njo wake, unakaa muzuri," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nikaona uso wa mwanaume niliyeolewa naye.

Bega halikupona kabisa. Basi ninayekata ni mimi. Yeye ananoa mnyororo, anakaza gide, ananionyesha pa kusimama, na majirani sasa wanatuita wote wawili tuwakatie matawi. Tawi linapoanza kulia, hunivuta nyuma kwa mkono wa blauzi kabla sijasikia chochote.

Juzi, kwa jirani yetu Maman Lucie, nilimcheka. "Papa Yannick, kale katawi hakawezi kuua hata kuku!"

Hakucheka. Tawi lilikwisha kulala majanini, na mashine nilikuwa nimeizima, lakini vidole vyake vilikuwa bado vimeshika blauzi yangu. Nikamwacha ashike.