Sanda ya Tatu ya Bi Ummu

Bi Ummu alikuwa na tabia moja iliyomshinda kila aliyempenda: sanda yake haikukaa. Watu wazima wa Mbwajumali huziweka sanda zao sandukuni mapema, pamoja na ubani na karafuu maiti, wakazianika mara moja kwa mwaka zisiingie uvundo, na mambo yakaishia hapo. Yeye aligawa.

Ya kwanza aliletewa na mume wake wa pili kutoka hija, imechovywa kwenye maji ya Zamzam. Akavishwa baharia asiyejulikana jina wala kwao, aliyetupwa na maji ufuoni. Ya pili aliletewa na Huwaida, binti wa kaka yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki na kumwacha na miaka minne. Hiyo ilikwenda na Bi Razan, jirani aliyemtukana shangazi mtu kisimani kwa miaka thelathini, tena matusi ya nguoni. Huwaida aliposikia alipandwa na mori. Alikuwa ameipakata sanda ile kutoka Makka hadi Amu, hata kwenye begi hakuitia, na leo imelala na Razan!

"Alikuwa hana, mwanangu," Bi Ummu alimwambia. "Nami ningali na roho."

"Na siku yako je? Uzikwe na bafta ya dukani?"

"Bafta ya dukani ina ila gani?"

Basi ya tatu Huwaida hakuiacha Mbwajumali. Alimwonyesha, akamwacha aipapase ilivyo nzito na kunukia udi, kisha akairudisha kwenye mfuko wake na kuufunga kwa utepe wa kijani. Ni yako, alimwambia, lakini itakaa kwangu. Wallahi, siku ikifika nitakuja nayo mwenyewe. Bi Ummu alisema kheri, kwa upole ambao ungemtia shaka mtu yeyote anayemjua. Huwaida akaenda nayo Amu, kwenye nyumba iliyokuwa pia duka lake la ushonaji, akaitia kabatini, akafunga, na ufunguo akauficha ndani ya kopo la mchele.

Siku ilifika. Mahir, mwana wa ami yake, alipiga simu baada ya sala ya alfajiri na hakuzunguka: Bi Ummu amefariki, atazikwa baada ya adhuhuri. Huwaida alitoa mfuko kabatini, akauona utepe wa kijani uko palepale, akajitanda buibui na kukimbilia gatini.

Mkono wa Mungu hauna haraka. Walipofika mkondo wa Mkanda, boti ilikaa juu ya matope.

"Mai yametoka," nahodha alisema, akazima mashine. "Tungoje."

Huwaida aliupakata mfuko akangoja. Kulia hakulia. Alikuwa akikiwaza kiapo chake tu. Mwenziwe katika boti, mama wa Kizingitini, alimuuliza marehemu alikuwa na umri gani, naye akasema Mungu ndiye ajuaye. Kitambulisho kilisema alizaliwa mwaka 1931, lakini mwenyewe alisema karani alimtazama meno tu akakisia. Alizika waume watatu. Alilima simsim mpaka magoti yalipogoma. Nusu ya watu wa Mbwajumali walisomeshwa alifu na yeye, na fimbo yake wanaikumbuka kuliko hiyo alifu. Mtoto wa kumzaa hakujaaliwa, ila ole wako umwite tasa mbele ya Huwaida. Posa ya kwanza ya Huwaida aliikataa yeye, kwa sababu mposaji alipokaribishwa chakula aliwahi kichwa cha samaki kabla ya wenyeji. Posa ya pili aliikubali, na mpaka leo hakuna aliyejuta.

Mwaka jana alikaa Amu miezi miwili kwa matibabu ya mtoto wa jicho. Ilikuwa miezi ya raha. Huwaida alipata mtu wa kumgombeza kila asubuhi, na alimpenda kwa hilo kuliko alivyoweza kusema. Wakati huohuo akafariki jirani yao, Hayat, muuza mahamri aliyekuja mjini peke yake na hakuwa na jamaa. Bi Ummu, jicho moja limefungwa bandeji, ndiye aliyekwenda kukaa na maiti.

Maji yalirudi. Mbwajumali Huwaida alifika juu ya pikipiki, saa sita imeshapita. Bi Ummu alikuwa ameoshwa, amelala chini ya leso, na Bi Tima, mwosha maiti, amekaa kando yake, mkasi pajani.

"Nimekungoja," alisema. "Wanaume wamekuya mara mbili kuuliza."

"Nilimwapia."

"Naijua apo yako, mui mzima waijua. Fungua."

Huwaida alifungua utepe, akatoa kitambaa, na vidole vya fundi vikajua kabla ya macho. Kilikuwa chepesi. Kilikuwa kikavu kwa wanga. Pembeni kilikuwa na mhuri wa buluu wa kiwandani, na hakikunukia chochote ila duka.

Alikaa kitako. Kopo la mchele. Miezi miwili, na nani aliyekuwa akichagua mchele nyumbani mle? Kisha akakumbuka sanda ya Hayat, nyeupe, nzito, inanukia udi. Yeye mwenyewe alisimama mlangoni pa chumba kile akaisifu mbele za watu: maskini Hayat, kapata sanda kuliko sisi, nani katoa? Na Bi Ummu, na bandeji yake, akamjibu: "Mwenyewe hataki kutaywa."

Kicheko kilimtoka Huwaida pale pale, mbele ya maiti, akauziba mdomo kwa buibui. Halafu ndipo alipolia, kwa sauti, mara ya kwanza tangu alfajiri, mpaka Bi Tima akamshika mabega. Hakuwa na hasira. Alikuwa amemkosa shangazi yake, basi, na alitamani agombezwe naye mara moja tu zaidi.

Bi Tima aliipapasa nguo ile, akaugeuza mhuri kwenye mwanga.

"Huwaida, hii ni bafta ya dukani."

Huwaida alijifuta uso, akanyoosha mkono kuupokea mkasi.

"Ina ila gani?" alisema, akaanza kukata.