Kabati Lililouzwa

Mervyn Abelson alikuwa na miaka sitini na minane, meno ya bandia juu, na goti lililolia kama bawaba kavu kila baridi ilipoanza kuingia mjini Burnie. Lakini Pasaka ya Wayahudi ikifika alirudi kuwa mtoto. Desturi inataka aliye mdogo kuliko wote mezani ndiye aimbe yale maswali manne, kuuliza usiku huu una tofauti gani na usiku mwingine wote, na kati ya Wayahudi wachache waliobaki upande ule wa kisiwa cha Tasmania hapakuwa na aliyezaliwa baada yake. Vijana walikwisha kuvuka maji kwenda Melbourne, wakaoa huko, wakazaa huko, na maswali wakamwachia Mervyn.

"Mtoto, leta viti!" ndivyo Daktari Tibor Halmos alivyomwita asubuhi ya mkesha wa Pasaka, na Mervyn akaleta viti, goti likilia.

Daktari Tibor alikuwa mng'oa meno mstaafu wa miaka themanini na mitatu, mrefu, shingo imenyooka kama fimbo. Karamu ya usiku wa Pasaka ilifanyika nyumbani kwake kila mwaka na yeye ndiye aliyeiongoza. Nyumba hiyo ilitunzwa na dada yake, Etel, mjane mwenye macho ya kucheka, aliyehamia kwa kaka yake baada ya mumewe kufariki. Supu ya Etel, pamoja na yale madonge ya unga wa mkate usio na chachu yanayoelea ndani yake, ilikuwa inawatoa watu mji wa Devonport katika mvua. Mervyn angeweza kutoka mbali zaidi ya hapo, na si kwa ajili ya supu.

Alikwisha kumwomba Etel waoane. Etel alikwisha kukubali, siku moja jikoni wakimenya matufaha. Ila alimpa sharti.

"Sitaondoka nyumba hii kaka yangu akiwa amenuna," alimwambia. "Tumebaki wawili tu, Mervyn. Mfanye aseme ndiyo mezani pake, mbele za watu, ili kesho asijifanye hakusema."

Mervyn alijaribu mara tatu. Mara ya kwanza Tibor alisema sikio linamuuma, hasikii vizuri. Mara ya pili alisikia vizuri sana, akacheka mpaka akakohoa: "Wewe? Wewe si mtoto, wewe?" Mara ya tatu alilala kitini katikati ya sentensi, na Mervyn angeapa kwamba jicho moja lilibaki wazi kidogo.

Sasa Mervyn alikuwa na mpango. Mapema katika karamu kiongozi huvunja mkate mmoja wa matza, ule mwembamba usiotiwa chachu, akafunga nusu yake kwenye kitambaa na kuificha. Kipande hicho, afikomani, ndicho kinachofunga mlo. Kisipoliwa, karamu haiishi, na inabidi kiliwe kabla ya saa sita za usiku. Nao watoto wana haki ya kukiiba na kudai zawadi ndipo wakirudishe. Miaka yote hiyo Mervyn alikuwa akidai vitu vya mzaha: soksi, chupa ya siki, kung'olewa jino bure. Mwaka huu alikusudia kudai Etel.

Viti vilipokwisha kupangwa, aliingia Hedley Crabtree, jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu mnene aliyepuliza filimbi ya mwamuzi katika viwanja vyote vya kisiwa kile. Hedley hakuwa Myahudi, na ndiyo maana alihitajika. Myahudi haruhusiwi kumiliki kitu chenye chachu siku zote za Pasaka. Basi Tibor alikuwa akivifungia vyote katika kabati la ukumbini, biskuti, unga, shayiri na wiski yake nzuri, akamuuzia Hedley mpaka sikukuu ipite.

"Shika ncha ya leso," Tibor alisema, ameinyoosha leso nyeupe kati yao, maana kwa desturi yao anayeshika leso ndiye aliyekubali kununua.

Hedley akashika. "Mwaka huu labda nisikurudishie, Daktari. Ile wiski naiota usiku."

"Ni haki yako. Hii si michezo ya kuigiza, Hedley. Nakwambia kila mwaka. Kabati ni lako kweli, na kilichomo ndani ni chako kweli. Nikilifungua mimi, nimekuwa mwizi."

"Hata ukiwa na kiu?"

"Hata nikiwa nakufa."

Akampa ufunguo, Hedley akautia katika mnyororo wa suruali yake. Kisha Tibor akamkumbusha, kama kila mwaka, kwamba jioni amealikwa kula, na aje na njaa.

Jua lilipotua walikaa mezani watu kumi, Hedley akiwa wa kumi. Mervyn akaimba maswali yake manne kwa sauti iliyokwama mahali palepale inapokwama kila mwaka, na Bi Rosalind Pinkus, mjane wa Devonport ambaye hapitwi na jambo, akapiga makofi na kusema, "Anakua vizuri huyu!" Wakasoma habari za utumwa wa Misri, wakadondosha divai kwa kila pigo lililompata Farao, na muda wote huo Tibor alikuwa ameegemea mto wake kwa maringo ya mtu huru. Chini ya mto ilikuwa afikomani. Hakuinuka hata mara moja. Alimtazama Mervyn, akaupapasa mto, akatabasamu.

Lakini kabla ya kula, kila mtu sharti anawe, na wao walinawa kwenye beseni la jikoni, mkubwa kwanza, mdogo mwisho. Tena aliyekwisha kunawa haruhusiwi kusema neno lolote mpaka mkate uingie kinywani. Mervyn aliifikiria kanuni hiyo kwa wiki nzima, na kila alipoifikiria alicheka peke yake.

Tibor alikwenda kwanza. Akanawa, akasoma baraka, akageuka akijifuta mikono. Kupitia mlango wa jikoni akamwona Mervyn amesimama kando ya kiti chake, mkono umezama chini ya mto mpaka kwenye kiwiko.

"Mmmmh!" Tibor alisema.

"Unasemaje, Daktari?" Mervyn aliuliza, maana yeye hakuwa amenawa bado. "Ongeza sauti."

"Mmh! Mmmmmh!" Tibor alinyoosha kidole, akatikisa taulo, uso ukawa mwekundu kama bitiruti.

"Sikuelewi kabisa. Ni sikio linakuuma tena?"

Wengine, waliokuwa wakinawa mmoja baada ya mwingine nyuma yake, walifumba midomo kwa nguvu, mabega yakitetemeka. Etel alilazimika kugeukia ukuta. Mervyn akapita ukumbini na kile kifurushi kifuani, akatafuta mahali ambapo Tibor hangethubutu kugusa, na macho yake yakaangukia kabati la Hedley. Juu ya mlango wake ubao ulikuwa umesinyaa, ukaacha upenyo. Kifurushi kikapita kama barua katika sanduku la posta. Akasikia kinatua ndani, taratibu, puu. Kisha akaenda kunawa mikono kama mtoto mwenye adabu.

Walikula. Walisagiwa ule mzizi mkali wa kukumbusha machungu ya utumwa, Hedley akala kijiko kizima kwa ushujaa na akabaki analia kimya dakika nzima. Supu ikaja, madonge yakielea. Tibor hakumtazama Mervyn hata kidogo. Sahani zilipoondolewa, akajinyoosha.

"Haya, mtoto. Muda unakwenda. Unataka soksi za rangi gani?"

"Sitaki soksi, Daktari." Mervyn alisimama. Mambo yaliyokuwa mepesi kichwani yalikuwa yamegeuka mazito mdomoni. "Nataka useme ndiyo. Mbele ya hawa wote. Mimi na Etel tunataka kuoana."

Bi Rosalind aliweka glasi yake chini ili asikose neno.

"Nitavunja mkate mwingine," Tibor alisema.

"Matza ya mviringo, ya kusukumwa kwa mkono, imekwisha," Etel alisema kutoka upande wa pili wa meza. "Imebaki ya kiwandani, ya boksi."

"Sifungi Pasaka yangu kwa kadibodi!"

"Basi sema ndiyo," Mervyn alisema.

"Nionyeshe kwanza kama unayo. Sinunui mbuzi aliye gizani."

Hapo ndipo Mervyn alipokumbuka jambo ambalo hakulifikiria katika wiki yake yote ya kufikiri. Kuingiza aliingiza. Kutoa atatoaje? Upenyo ule haukupitisha mkono, na mlango ulikuwa na kufuli.

"Ipo," alisema polepole. "Ila ipo katika kabati la ukumbini."

Tibor akaanza kucheka, kwanza puani, kisha kwa mwili mzima. "Katika kabati la chachu! Mwenye akili zake huyu! Amejifungia nje mwenyewe! Hedley, hebu nenda ukafungue tumalize, watu wakalale."

Hedley hakuinuka. Alikuwa bado na machozi ya ule mzizi mashavuni, lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Ulikuwa uso wa mtu aliyeweka filimbi mdomoni.

"Kabati ni la nani?" aliuliza.

"Lako, lako. Nenda basi."

"Na kilichomo?"

Tibor akaacha kucheka. "Hedley, jirani yangu, hiyo ni habari nyingine. Chachu ndiyo niliyokuuzia, siyo matza."

"'Kilichomo ndani ni chako kweli.' Leo asubuhi, leso mkononi. Kijana huyu alikuwepo, amemaliza kupanga viti. Mervyn, alisema hivyo?"

"Neno kwa neno," Mervyn alisema.

"Kila mwaka husema hivyo," Bi Rosalind aliongeza, ingawa hakuwahi kuwepo.

"Basi mkate ni wangu," Hedley alisema, akajiegemeza kitini upande wa kushoto kama alivyoona wenyeji wake wakifanya. "Na mimi ninauuza kwa bei ileile ya kijana. Tena usiseme ninacheza, Daktari. Umenifundisha mwenyewe kwamba huu si mchezo."

Tibor hakuwa amenawa safari hii, lakini neno halikutoka. Miaka yote alikuwa akimhubiria Hedley uzito wa mauzo yale. Akikana sasa, basi miaka yote hiyo wiski ilikuwa yake, na yeye alikuwa akivunja sheria kila Pasaka. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa imekaribia sana saa sita.

"Hedley," Etel alisema, "nipe ufunguo."

Alisema kwa utulivu, na Hedley akautoa. Wakasikia kabati likifunguliwa ukumbini na kufungwa tena. Etel alirudi, akamrudishia Hedley ufunguo, akaweka kifurushi mbele yake mwenyewe, akakifunika kwa viganja viwili.

"Asubuhi mnauziana kwa leso," alisema, "usiku mnauziana kwa mkate. Mimi siuzwi, jamani. Si na wewe kaka, si na Hedley, na wewe Mervyn, nitakuambia yako baadaye, tukiwa wawili."

Mervyn akakaa chini.

"Ruhusa yako siihitaji, Tibor. Nina miaka sabini na miwili. Ninachotaka ni usininunie. Sema kwa nini unakataa, useme kweli, kisha ule mkate wako."

Tibor aliivuta vuta kanzu nyeupe aliyoivaa kwa ajili ya Pasaka. Watu walitazama glasi zao kwa heshima, isipokuwa Bi Rosalind.

"Na supu?" alisema mwishowe.

"Supu imefanyaje?"

"Nani atanipikia supu?" Kisha, kwa sauti ndogo ambayo wengine hawakuwahi kuisikia kwake: "Nitakula na nani, Etel? Nitakaa na redio?"

Mervyn alimtazama yule mzee na akajikuta hasira yake ya mara tatu imemtoka.

"Daktari," alisema, "nyumba yangu iko kona ile. Ukisimama mlangoni pako unaona bomba langu la moshi. Kila Ijumaa utakula kwetu. Na siku nyingine ukitaka."

"Chumvi unatia nyingi."

"Etel ndiye atakayepika."

"Nani kasema?" Etel aliuliza. "Ijumaa moja mimi, Ijumaa moja nyinyi wawili. Mtajifunza. Ndiyo au hapana, Tibor? Saa inakwenda."

Tibor aliitazama saa, akamtazama dada yake, akavitazama viganja vyake juu ya kitambaa.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, ndiyo! Mmeridhika? Mashahidi tisa. Sasa leteni."

Etel akafungua kitambaa. Kwa kuanguka kabatini mkate ulikuwa umevunjika vipande vipande, na Tibor, aliyegawa miaka yote kwa kipimo kimoja, aligawa tena. Ila kipande kikubwa kuliko vyote alikisukuma, bila kutazama, upande wa Mervyn. Wakala. Hata Hedley alipewa kidogo, akatafuna na kusema kwamba kwa mkate uliomletea faida hivyo, ladha yake si kitu.

Baada ya kushukuru kwa chakula ikaja saa ya kumfungulia mlango Nabii Eliya, mgeni anayesubiriwa kila Pasaka, kazi ambayo daima ni ya mdogo wa mezani.

"Mtoto," Tibor aliita, kisha akasita. Alionekana anameza kitu kikubwa kuliko matza. "Shemeji. Kafungue mlango."

"Na mwakani, shemeji," Mervyn alisema akiinuka, goti likilia, "maswali ataimba nani?"

"Wewe! Unafikiri kuoa kunakuongezea umri?"

Mervyn akafungua. Upepo wa baharini ukaingia na harufu ya mvua. Barabarani hapakuwa na mtu, ila posamu mmoja, yule mnyama mdogo wa mitini, amekaa juu ya uzio, macho yanang'aa, anatazama ndani kama aliyealikwa akachelewa.

"Yupo?" Tibor aliuliza kutoka mezani, maana huuliza kila mwaka.

"Yupo mmoja," Mervyn alisema. "Anauliza kama supu imebaki."

"Mwambie aje Ijumaa," Tibor alijibu. "Hedley, rudisha ufunguo kwenye mnyororo wako, na uondoe macho kwenye kabati."

"Kabati la nani?" Hedley aliuliza.